Mashine Isiyoumiza Santuri

Ukitaka kucheka, subiri kwanza nimalize. Jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe, si jirani yangu wala rafiki wa rafiki yangu, tena mchana, jua linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Nalitaja la pombe mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. La pili huwa ni kama nilikuwa na malaria. Sikuwa nayo.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda. Kazi yangu ilikuwa kununua asali kwa warinaji wa Inyonga na kuiuza mjini na kwa abiria wa treni. Tuliishi Ilembo, mimi na mke wangu, Mama Kashindye, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa kwa nyasi. Jirani mmoja alisema nyumba yetu ni kama mtu aliyevaa suti halafu akajitwika kikapu kichwani. Maneno hayo yalimuuma sana mke wangu. Kwa misimu kadhaa tulijibana mpaka tukapata fedha za mabati, naye akazishonea ndani ya mto aliokuwa akilalia. Usiku ukigeuka vibaya unasikia mto unanong'ona.

Sasa, mjini alikuwapo Mzungu mmoja, mtaalamu wa visima, mteja wangu mzuri wa asali. Mkataba wake ulipokwisha akaanza kuuza vitu vya nyumbani. Viti vikaenda, jokofu likaenda, hata sufuria zikaenda. Kikabaki kitu kimoja ambacho watu walikitazama, wakauliza bei, wakaondoka huku wanacheka. Ilikuwa mashine ya kupigia santuri.

Na mimi, niseme ukweli, santuri ni ugonjwa wangu. Nilikuwa na mashine yangu ya zamani yenye mkono mzito, inayokwaruza nyimbo kama kuku anayechakura jalalani, na bado nilikuwa naipenda. Kwa hiyo Mzungu aliponifunulia ile yake, moyo ulinipasuka. Boksi lake lilikuwa la mti mwekundu uliong'arishwa. Mimi mninga naujua, lakini nilipougusa ule mti nikakubali kwamba huko kwao nako kuna miti. Sahani ilikuwa nzito, na ukiisukuma kwa kidole inazunguka muda mrefu bila kutoa sauti yoyote. Mkono wa sindano ulikuwa mwepesi, unashuka juu ya santuri taratibu kama vile unaogopa kuiamsha. Nyuma kulikuwa na kibati cha shaba kilichogongwa namba. Mzungu akanieleza kwamba kiwandani waliunda chache tu, kila moja na namba yake, kisha wakaacha kabisa.

Akataja bei. Nilidhani amekosea Kiswahili, nikamwomba arudie. Akarudia. Kiswahili chake kilikuwa sawa kabisa.

Ilikuwa bei ya mabati ya nyumba nzima, pamoja na misumari na fundi wa kuezeka.

Mzungu alikuwa mtu mwema. Akaniambia, "Chukua, kaa nayo nyumbani mpaka siku ya treni yangu. Ukiipenda utalipa, usipoipenda utairudisha." Nikaibeba hadi Ilembo juu ya baiskeli, nimeifunga kwa blanketi, naisukuma kwa mkono njia nzima kama ninayepeleka mgonjwa hospitali.

Mke wangu aliitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole, ile ya hatari, "Kwa hiyo mvua ikinyesha tutajifunika muziki?"

Nikamwambia nimeazimwa tu.

Umeme wa Mpanda wakati ule ulikuwa wa jenereta. Ulikuja giza likianza kuingia, na mchana haukuwapo kabisa, kila mtu alijua hilo. Nguzo ya mwisho ya mtaa iliishia kwetu. Basi kila jioni taa ikiwaka tu, mimi huyo, naunganisha ile mashine kwenye amplifaya yangu na spika za boksi, naketi. Je, ilistahili bei ile? Ndilo swali nililojiuliza kila jioni. Nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia. Kwenye santuri moja niliyoipiga miaka na miaka, nilisikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza juu ya waya kabla ya kupiga. Kwenye nyingine nilisikia mtu akikohoa nyuma ya ngoma. Niliruka na kumwita mke wangu, "Njoo usikie mtu anakohoa!"

Akaja, akasikiliza, akasema, "Baba Kashindye, unataka kuuza paa langu ili ununue kikohozi?"

Ungemjibu nini? Usiku ule nililala nikijua kwamba ana haki. Wimbo ni uleule, na mtoto anayelowa kitandani hawezi kufarijiwa na gitaa. Nikaamua nitairudisha.

Siku moja kabla ya treni, alasiri, nilikuwa peke yangu. Watoto walikuwa shule, mke wangu amekwenda kisimani. Nilikuwa naifuta ile mashine kwa kitambaa, naiaga. Nikasikia hodi.

Hodi yenyewe haikutoka mlangoni. Ilitoka nyuma ya nyumba, upande wa jikoni.

Nikatoka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mrefu, nywele amezichana kwa kuzigawa katikati kama walivyokuwa wakichana mama zetu nilipokuwa mtoto. Mkononi ameshika kitu cha bapa kilichofungwa kwa kaniki. Nikanyoosha mkono kumsalimia. Akarudi nyuma hatua moja, akavuta khanga akafunika kichwa na nusu ya uso, akageuka pembeni, akatazama ukuta.

"Hamjambo hapa, baba?" akasema.

Mkono wangu ukabaki hewani. Na shikamoo je? Mimi nilikuwa nimeshapita arobaini. Hapa kwetu msichana wa umri ule akikutana na mtu kama mimi, shikamoo inamtoka yenyewe hata kama hakupendi. Huyu ananisalimia "hamjambo" kama mtu mzima mwenzangu, kisha ananionea haya kiasi cha kutazama ukuta. Nikasema moyoni, wasichana wa siku hizi, heshima hawana na haya wanazo, hata sijui wanazipangaje.

Nikamkaribisha ndani. Akakataa kwa kichwa. "Ndani siwezi kuingia, baba. Niwekee kigoda hapa nyuma ya ukuta, nitakaa."

Nikaleta kigoda, nikataka kumkabidhi. Akasema, "Weka chini, uende kidogo." Nikaweka, nikasogea. Ndipo akakaa, mgongo ameuelekeza kwangu. Sisi kwetu, Wasukuma, mgeni hakai mikono mitupu, kwa hiyo nikachukua sahani, nikatia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga juu. Hiyo nayo akataka niweke chini niondoke. Niliweka huku nimekasirika kidogo, siwezi kukuficha. Nilijiona kama ninayelisha mbwa wa jirani.

Kisha akasema, "Nimesikia hapa ipo mashine isiyoumiza santuri."

Mtu akitaja mashine yangu, hasira huwa zinaniisha. Nikasema ipo. Akaweka ule mfuko wa kaniki juu ya jiwe, akavuta mkono wake, akangoja mpaka nilipoufikia mimi. "Nipigie," akasema. "Zile nyingine zinaikwangua tu. Nataka isikike mpaka ndani."

Kaniki ilikuwa na udongo mwekundu kwenye pindo. Ndani kulikuwa na santuri ndogo iliyochakaa, karatasi ya katikati imeliwa, huwezi kusoma hata herufi moja. Nikaenda nayo ndani, nikaiweka juu ya sahani, nikasukuma swichi, nikashusha mkono wa sindano.

Kwanza kulikuwa na mchakacho tu, kama mvua ndogo juu ya majani ya mgomba. Kisha ikaingia gitaa moja, na chupa inayogongwa kwa msumari. Halafu mwanamke akavuta pumzi. Niamini, niliisikia ile pumzi ikiingia kana kwamba amesimama kati yangu na meza. Akaanza kuimba.

Wimbo ulikuwa wa Kikonongo, lugha ya kwao mke wangu. Mimi Kikonongo changu ni cha sokoni, nilishika neno moja hapa na moja pale. Lakini sauti! Sauti haikuwa na haraka, ilikuwa ya mtu anayejua kwamba anachokiimba ni kizuri na hana haja ya kukusukuma. Nikajisikia raha moja ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nikaketi, nikasahau asali, treni na Mzungu.

Katikati ya wimbo nikaona kivuli mlangoni. Mke wangu alikuwa amesimama na ndoo kichwani, maji yanamchuruzika usoni, hayafuti.

"Umeme umekuja saa ngapi?" akaniuliza.

Nikageuka kutazama amplifaya. Ile taa yake nyekundu haikuwa inawaka. Nikasikiliza mtaa. Hapakuwa na redio ya jirani hata moja, hapakuwa na mngurumo wa jenereta. Sahani ilikuwa inazunguka, na spika zilikuwa zinaimba. Miguu, nakwambia ukweli, ilikuwa tayari imeshageukia mlango. Nikanyoosha mkono kuondoa sindano.

"Usiguse!" mke wangu akasema.

Akatua ndoo taratibu, akaja akapiga magoti mbele ya spika. Na hapo, kati ya ubeti mmoja na mwingine, tukasikia mtoto akilia. Alikuwa mtoto mchanga, analia kwa hasira, karibu kabisa na yule mwimbaji. Yule mwanamke akacheka kidogo ndani ya wimbo, akasema neno moja la kubembeleza, kisha akaendelea kuimba bila kupoteza mapigo. Mtoto akanyamaza.

Wimbo ukaisha. Sahani ikapunguza mwendo, ikasimama.

Mke wangu alikuwa analia. Si kilio cha msiba. Alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka, kama mtu aliyekula pilipili akaifurahia.

"Huyo mtoto ni mimi," akasema.

Acha nikueleze. Mama yake mke wangu alifariki akiwa bado msichana, mke wangu akiwa ananyonya. Alilelewa na shangazi yake, kule Sitalike. Picha ya mama haikuwapo hata moja, na sauti yake hakuikumbuka. Alichokuwa nacho ni habari moja ya shangazi, kwamba mama yake aliwahi kuimba kwenye santuri walipopita watu wa kurekodi nyimbo, na kwamba siku ile mtoto alikataa kubebwa na mtu mwingine yeyote, ikabidi mama aimbe akiwa naye mgongoni. Mke wangu habari hiyo hakuiamini. Alikuwa akisema watu humpamba marehemu kwa yatima wake ili wamfariji.

"Umeitoa wapi?" akaniuliza.

"Kaileta mgeni. Yuko nyuma, jikoni. Nenda ukamsalimie, labda wewe atakuangalia. Mimi kanikatalia hata mkono."

Akatoka mbio. Nikamfuata. Kigoda kilikuwapo. Mtu hakuwapo. Ile sahani ya matobolwa ilikuwa imeoshwa ikafunikwa juu ya jiwe, kama anavyofanya mwanamke aliyekula kwa watu wake. Karanga hata moja haikubaki. Watu husema mizimu haili. Basi wa kwetu anakula, tena anaosha vyombo.

Mke wangu akaniambia nimweleze kila kitu. Nikamweleza: hodi ya nyuma ya nyumba, mkono aliokataa, "hamjambo" bila shikamoo, kuniita baba, kukataa kuingia ninapolala, kufunika uso, kunigeuzia mgongo, chakula kuwekwa chini. Nilikuwa nasema kama mtu anayeshtaki. Kadiri nilivyosema ndivyo mke wangu alivyozidi kutulia.

"Baba Kashindye," akasema, "nyie wanaume mna macho ya nini? Mwanamke gani anamfanyia mwanamume hivyo?"

Jibu nilikuwa nalijua tangu utotoni, kwetu Usukumani na kwao Ukonongo ni lilelile. Yupo mwanamke mmoja tu ambaye hakupi mkono, hakutazami usoni, haingii chumba unacholala wala hapokei kitu mkononi mwako. Ni mama aliyemzaa mke wako. Yule msichana ambaye ningeweza kumzaa mimi alikuwa ananiheshimu kama mkwewe, nami nikamwona hana adabu.

Tukakaa chini pale pale jikoni. Mke wangu akaichukua ile sahani iliyooshwa, akaiweka mapajani.

"Siku ya mahari yangu," akasema, "wazee walipofika kwenye mkaja wa mama walifanyaje?"

Nikakumbuka. Mkaja ni haki ya mama, kwa tumbo lililombeba binti na mgongo uliombeba. Wazee wa pande zote mbili walitazamana, wakasema mwenyewe hayupo, nani ataupokea? Shangazi alipewa blanketi lake, wajomba wakapewa chao, na mkaja ukarukwa. Hakuna aliyeona vibaya. Mimi nilikuwa nje, bwana harusi haulizwi.

"Nenda kwa Mzungu leo," mke wangu akasema, akiinuka na kupangusa magoti. "Kabla hajafunga mizigo."

"Na mabati?"

"Mabati yatakuja. Ile siyo mashine tena. Ule ni mkaja wa mama, amekuja kuuchagua mwenyewe."

Jioni umeme ulipokuja, nilifanya jambo moja la kumridhisha mfanyabiashara aliye ndani yangu. Niliiweka ile santuri kwenye mashine yangu ya zamani, mara moja tu. Ikakwaruza, na mahali fulani mbali kukasikika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Pumzi haikuwapo. Mtoto hakuwapo. Nikaitoa haraka, nikairudisha kwenye ile ya Mzungu, na mtoto akalia, mama akacheka. Mke wangu akaleta wembe, akaufumua mto.

Baadaye tulikwenda Sitalike kwa shangazi. Hatukumsimulia lolote. Mke wangu alitandika tu ile kaniki mbele yake. Shangazi akaruka, akarudi mpaka ukutani. Alipoweza kusema, alisema pindo lile alilishona yeye, na kwamba kaniki ile na kilichokuwa ndani yake aliviweka kaburini kwa mikono yake mwenyewe, chini ya kichwa cha wifi yake. Mpaka shangazi mwenyewe anafariki hakukubali kuigusa. Lakini wimbo alitaka kuusikia. Alikuja Ilembo, akausikia, akaucheza kwa mabega huku amekaa.

Tukaishi chini ya nyasi kwa masika mengine kadhaa. Zilikuwa zinavuja, sitakudanganya. Mvua ikizidi, kitu cha kwanza tulichofunika kilikuwa ile mashine, kisha watoto, na mimi wa mwisho. Mke wangu hakulalamika hata siku moja, na wewe usingemtambua. Yule mwanamke aliyekuwa akinichoma kwa maneno kila nikitaja santuri, sasa ndiye anayefuta vumbi, ndiye anayejua sindano inauzwa wapi Dar es Salaam na nani anasafiri. Watoto wetu wote wamebembelezwa na bibi yao. Mkubwa wetu akilia, nyumba nzima humwambia, "Umelia kama mama yako ndani ya santuri."

Na mimi? Hapa ndipo watu wanaponicheka, na wana haki. Wimbo ule ukipigwa, mimi hutoka nje. Mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, na mimi kosa la kumnyooshea mkono nimeshalifanya mara moja, silirudii. Mimi niliyelipa bei ya nyumba nzima nachukua kigoda, nakwenda nyuma ya ukuta wa jikoni, nageuza mgongo, nasikilizia huko. Siku nyingine, mchana, umeme haupo, nausikia ukianza wenyewe. Naacha ninachofanya natoka. Ndani namsikia mke wangu akiitikia kibwagizo. Wageni wakiniuliza kama mashine ile inastahili fedha ile, huwaambia wakamwulize aliye ndani.

Kwako wewe unayesoma, nina neno moja. Akija kwako mtu mdogo kuliko wewe, akapiga hodi nyuma ya nyumba, akakunyima mkono na kukufunikia uso, usikasirike kama nilivyokasirika mimi. Weka kigoda, weka chakula chini, rudi nyuma, inamisha macho. Kisha jiulize ni nani aliyemzaa mke wako, na siku ile ya mahari mlimpa nini.